Nilimtibu Baba Mkwe, na Mbuzi Sikutoa

Nilimwekea baba mkwe wangu mpira wa mkojo kwa mikono yangu hii, mchana kweupe, ndani ya nyumba yake mwenyewe pale Koboko, na sijajuta hata siku moja. Naanza na hilo ili anayetaka kushtuka ashtuke mapema, tumalizane. Wakwe zangu walishtuka. Mkubwa wangu wa kazi naye alishtuka. Mimi nilikuwa na mgonjwa.

Kwa asiyejua desturi ya pale, nieleze kidogo. Mke wa mtoto na baba mkwe hawazoeani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini ili mwenzake apite. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno la kuambiana wanamtuma mtu wa tatu, hata kama wote watatu wamesimama katika ua mmoja. Miaka yote niliyokaa kwenye boma lile, maneno ya baba mkwe yalinifikia kwa mdomo wa mume wangu au wa shangazi yake. "Ambia yeye, chai ilikuwa tamu." Nami nilikuwa nimeshasikia, maana mzee alikuwa na sauti ya kambini, lakini nilingoja niambiwe. Sasa fikiria kuuona mwili wake. Jambo hilo halikuwa hata na tusi lake, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria.

Mimi si mtu wa Koboko. Nilizaliwa Manibe, Mlugbara, binti wa wakulima wa muhogo, nikasomea uuguzi Arua katika miaka ya mwisho kabla ya vita vya sabini na tisa. Mume wangu ni Mkakwa, na wakati ule alikuwa dereva na fundi wa magari ya jeshi. Baba yake naye alikuwa amelitumikia jeshi la Waingereza, akarudi na koti zito, Kiswahili cha amri na tabia ya kuamka kabla ya jogoo. Lugha ya nyumba yetu ikawa Kiswahili, kwa sababu Kikakwa changu kiliwachekesha wao, na Kilugbara chao kiliniudhi mimi.

Sheria niliifundishwa Arua. Sista mkuu wetu alikuwa mwanamke mrefu, mkali, anayepiga pasi hata leso. Siku moja mwenzetu mmoja alimwona kaka yake akiingizwa wodini na mguu uliovunjika, akaanza kulia huku ameshika trei ya sindano. Sista akampokonya trei, akamtoa nje, kisha akatupanga ukutani kama watoto. Alisema: ndugu yako akiingia kwa mlango huu, wewe toka kwa mlango ule, kwa sababu mkono unaomtibu mtu wake hutetemeka. Tukaandika. Nilimwamini, na kwa mengi bado namwamini. Nimewahi kumwona mtoa dawa mwenye akili timamu akimnywesha mwanawe klorokwini kupita kipimo kwa sababu ya hofu tu. Sisemi sheria ile ni ya kijinga. Nasema iliandikwa na mtu mwenye milango miwili.

Vita vikaja, hospitali ikavunjwa na kubebwa vipande vipande, vitanda na hata madirisha. Mwaka uliofuata tukavuka mpaka kuingia Zaire pamoja na ukoo mzima wa mume wangu. Huko nilikuwa muuguzi pekee kwa mwendo wa siku nzima, na kila niliyemtibu alikuwa wa kwetu. Nilizalisha mke wa shemeji yangu juu ya turubai. Nilimchoma mume wangu sindano za malaria. Shangazi yake, dada mdogo wa baba mkwe, alipata kidonda kibaya cha mguu, nikakiosha kila asubuhi kwa maji ya chumvi mpaka nyama mpya ikaota. Alikuwa akipandisha gauni hadi gotini na kunitukana kwa maumivu, na alipopona akanisifu kwa kila aliyepita. Hakuna aliyenikumbusha sheria ya Sista wala desturi ya wazee. Uhamishoni mikono yangu ilikuwa baraka. Tuliporudi nyumbani ndipo ikawa na makosa.

Tulirudi katikati ya miaka ya themanini. Boma lilikuwa limekuwa pori. Tukafyeka, tukajenga, na kituo cha afya kilipofunguliwa tena nikapata kazi. Mkubwa wa kituo alikuwa mganga msaidizi, kijana kutoka kusini, shati jeupe na viatu vilivyong'aa hata wakati wa tope. Watu walimwita dokta na hakuwakataza. Alikuwa mtu wa haki, nalisema hilo mapema, kwa sababu mbele nitamsema. Aliogopa dawa chache tulizokuwa nazo zisipotelee kwa ndugu za wafanyakazi. Siku yake ya kwanza alituita akatuambia, "Mutu yako akija, mimi natibu. Wewe hapana. Hata mutoto yako."

Nikamuuliza, "Dokta, hapa Koboko nani si mutu yangu? Wengine nimeolewa kwao, wengine tumekimbia pamoja."

Akacheka. "Basi wewe utapumzika sana."

Kisha ikaja siku yenyewe. Ilikuwa majira ya mvua na dokta alikuwa amekwenda Arua kuchukua dawa. Lori lilikuwa limekwama njiani, na hakuna aliyejua litarudi lini. Kituoni tulibaki mimi na mfagiaji. Mume wangu akaja mbio, jasho linamtiririka, akaniambia baba yake hajakojoa tangu jana, na tumbo limekuwa gumu hadi kitovuni.

"Mumempa nini?" nikauliza.

"Shangazi anampa maji ya majani. Mingi. Anasema maji itasukuma maji."

Nilitaka kupiga kelele. Mzee ana tezi dume iliyovimba na kuziba njia, kibofu kimejaa mpaka karibu kupasuka, na wao wanazidi kumjaza. Nikachukua mipira, glavu, jeli na mfuko wa mkojo, nikafungasha katika trei, tukaenda.

Nilipofika uani nilimsikia mzee akiguna ndani. Mtu aliyepigana vita vya wazungu, ambaye hata katika msiba wa mkewe alikaa kimya, alikuwa anaguna na kuomba afe. Shangazi alikuwa ameketi mlangoni, miguu yote miwili ameinyoosha kuziba njia, na ule niliouponya ulikuwa mbele.

"Wewe hapana ingia," akasema.

Nikamweleza kwa upole, na upole si kipaji changu. Nikasema Arua hakufikiki. Nikasema dokta hayupo. Nikasema mzee hatafika kesho akiwa hai, na kifo hicho si kifo cha kulala usingizi.

Shangazi akanitazama bila chuki yoyote, na hilo ndilo lililonitisha. "Afadhali akufe na heshima yake."

Mume wangu alisimama katikati yetu. Ni mtu mwema, na watu wema wakibanwa pande mbili hubuni upuuzi. Akasema atapachika kitenge mlangoni, mimi nikae upande wa nje na kumwelekeza, yeye aingie na kufanya. "Wewe sema, mimi nafanya. Mimi nimefunga mipira ya breki miaka yote. Mpira ni mpira."

Shangazi akakubali papo hapo. Wote wakaona ni jambo la busara sana: heshima itabaki, na mkojo utatoka. Nami, Mungu anisamehe, nilikubali pia, kwa kuwa dakika zilikuwa zinakwenda na mlango ulikuwa umezibwa. Nikachemsha vyombo, nikamfundisha mume wangu kunawa mpaka kwenye viwiko. Kitenge kikapigiliwa misumari. Nikapiga magoti nje, mdomo wangu umekaribia kitambaa, nikaanza kumwendesha fundi wa magari ndani ya mwili wa baba yake.

Nilisikia trei ikigongagonga. Ndiyo mikono yake hiyo.

"Polepole," nikasema. "Inyooshe juu. Sasa ingiza."

"Inakataa."

"Ngoja. Mwambie avute pumzi. Usilazimishe."

"Inakataa, nakuambia!"

Akalazimisha. Nilijua kabla hajasema, kwa sababu mzee alipiga ukelele ambao ulifanya kuku watawanyike uani. Kisha sauti ya mume wangu, nyembamba kama ya mtoto: "Mama, damu inatoka. Damu inatoka mingi."

Nikavuta kitenge. Kilishuka na misumari yake. Shangazi akapiga yowe na kufunika macho yake mwenyewe, kana kwamba ndiye aliyekuwa ameonwa. Nikaruka miguu yake, nikaingia. Mzee aliponiona alivuta kanzu akajifunika uso, na kilichobaki wazi ndicho nilichokuwa nimekuja kukitibu. Ndiyo, niliona. Niliona kila kitu, na nilichokiona ni kibofu kilichojaa hadi kitovuni na njia iliyochubuliwa na mtu asiyejua.

Nikamsemesha. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, bila mtu wa kati, nilimsemesha baba mkwe wangu. "Muzee, mimi natoa maji. Vuta pumzi, polepole."

Akavuta pumzi.

Nikachukua mpira mwingine, nikautia jeli ya kutosha, nikautanguliza na kungoja. Palipobana nilisimama, sikusukuma, nikauacha mwili wenyewe ulegee. Ukalegea. Mpira ukapita. Ilitoka damu kidogo kwanza, kisha mkojo, na nikauzuia kwa vidole ili usitoke wote kwa pupa. Mzee akasema, "Alhamdulillahi," ndani ya kanzu. Mume wangu alikuwa ameketi sakafuni analia. Nilitazama mkono wangu. Haukutetemeka. Uliotetemeka ni ule wa mwanamume mwenye ruhusa.

Siku iliyofuata mzee alihama. Aliondoka na mfuko wake wa mkojo umefichwa chini ya kanzu, akaenda kukaa kwa shangazi, ng'ambo ya kijito, kwa sababu hakuweza tena kukaa boma moja na mimi. Ukoo ukakutana. Wakasema nimemvua nguo mkubwa wa nyumba mbele ya dada yake na mwanawe. Nitoe mbuzi wa kuosha aibu, nipige magoti niseme nilikosa. Nisipofanya hivyo, mume wangu anirudishe Manibe.

Nikawaambia, "Mbuzi mimi iko naye. Lakini hatoki." Kisha nikamgeukia shangazi. "Mguu yako mimi nilishika kule Zaire kila siku. Mbuzi yake iko wapi?"

"Mguu ni mguu," akasema, na watu wakatikisa vichwa kumuunga mkono.

Tulipofika nyumbani mume wangu akasema, "Toa tu. Mbuzi ni mbuzi."

"Kama ni mbuzi tu, kwa nini wasiachilie wao?" nikamjibu. Akatoka kwenda kutazama injini ya mtu.

Dokta naye aliporudi kutoka Arua aliniita ofisini. Alikuwa ameshasikia; Koboko haina siri. Akaniambia maneno ya kweli, na ndiyo maana yaliniudhi. Je, kama ningepasua njia ya mkojo? Je, kama mzee angefia mikononi mwangu? Ukoo ungenichinja, na yeye angewaambia nini wakubwa wa Arua? Akasema muuguzi mwenye huzuni au hofu moyoni haoni vizuri, na mimi sikuwa na haki ya kujipima mwenyewe. Akanikataza kumgusa mzee tena. Siku ya kubadilisha mpira atafanya yeye.

Kwa hiyo shangazi na dokta, watu ambao hata katika salamu hawakuwahi kuelewana, walikubaliana juu ya jambo moja: kwamba mkono wangu ulikuwa umekosea. Mmoja alisema nilimheshimu mzee kidogo mno, mwingine alisema nilimpenda mno. Niliwaambia wote wawili kwamba ingetokea tena ningefanya tena, na mara ya pili nisingengoja kitenge. Nilikuwa na hasira ambayo ilinifanya nilale vizuri na kula vizuri. Lakini kulikuwa na kitu kilichoniuma chini ya hasira hiyo, nacho ni ukimya wa mzee. Neno lake moja lingemaliza kesi. Alikaa ng'ambo ya kijito na hakulituma. Nilianza kufikiri kwamba labda ni kweli alitaka kufa, na mimi nimemlazimisha kuishi na aibu. Nguo zangu nilikuwa nimeshazikunja katika sanduku, nikisubiri mume wangu aamue, na habari ya sanduku hilo ilikuwa imeshavuka kijito.

Wanafunzi wa uuguzi hunifuata siku hizi, nimeshakuwa bibi, wananiuliza kama muuguzi amtibu ndugu yake. Nawajibu kwa swali: nani mwingine yupo? Kama yupo, na ana akili, na amenawa mikono, mwachie, kaa nje ulie kama watu wengine. Kama hayupo, usiniletee habari za sheria. Nawaambia pia kwamba mzee huyo baadaye alipasuliwa Arua, barabara ilipokauka, akaishi mpaka akawaona vitukuu wakimwibia miwa. Hawajui nusu ya kesi, kwa sababu siku niliyoshinda sikuwahi kuwasimulia.

Siku ya kubadilisha mpira, mzee alikuja kituoni kwa miguu, koti lake la jeshi limefungwa vifungo vyote, shangazi nyuma yake. Akaketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine. Mimi nilijificha chumba cha dawa, kwa desturi na kwa amri, zote mbili. Nikachungulia. Dokta akatoka, akamwita kwa adabu. Mzee hakuinuka.

"Wewe hapana," akasema. "Ile nesi iko wapi?"

Dokta akadhani hakuelewa. "Muzee, ile nesi ni bibi ya mutoto yako."

"Najua. Mimi ndiyo nilitoa ng'ombe."

Benchi zima likacheka, isipokuwa shangazi. Dokta akamweleza sheria ya kazi, kwa nini mtu hamtibu wa kwake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo. Kisha akasema, "Dokta, wewe iko na sheria yako, mimi iko na yangu. Yako inakataza yeye kushika mimi. Yangu inakataza mimi kusema na yeye. Basi wewe simama katikati, utasema. Kama hapana, mimi narudi nyumbani na hii mpira mpaka inaoza."

Na alikuwa mtu wa kufanya hivyo. Dokta akageuka, akaniona mlangoni. Akatazama viatu vyake, kisha akaniashiria kwa kichwa niingie nyuma ya pazia.

Mzee akalala kitandani, akajifunika uso kwa kofia yake mwenyewe. Dokta akasimama kati yetu, kati ya watu wawili ambao wangeweza kugusana viwiko, akaanza kazi ambayo hakusomea.

"Ambia yeye," mzee akasema chini ya kofia, "mukono ya kijana yangu ilikuwa ya kufunga tairi."

Dokta akaniambia. Nilikuwa nimeshaanza kucheka.

"Mwambie muzee alegeze magoti," nikasema.

"Muzee, legeza magoti."

"Ambia yeye nimelegeza."

"Anasema amelegeza."

Nikatoa mpira wa zamani, nikasafisha, nikaingiza mpya bila kumsikia akiguna. Mkojo ukaja, msafi. Nikachukua plasta ili nimalizie kuufunga kwenye paja. Hapo mzee akapandisha sauti yake ya kambini, ile isiyojua pazia, hata shangazi kule kwenye benchi aisikie vizuri.

"Dokta. Ambia yeye, mbuzi hapana toka. Mutu hawezi kulipa mbuzi sababu mimi naishi. Na hiyo sanduku afungue."

Dokta akanigeukia na kunirudishia neno kwa neno, taratibu, kama mtu anayesoma hukumu asiyoiandika yeye. Nilingoja amalize, ingawa nilikuwa nimesikia.

Plasta ikaanza kupapatika katika vidole vyangu. Dokta aliutazama mkono wangu, nami nikamwacha autazame. Ulitetemeka, ndiyo. Lakini mpira ulikuwa umeshaingia.